Maswali Yenu: Mzazi Amefariki, Nami Niko Utumeni Ughaibuni

Toleo lililopita tuliomba barua kutoka kwa walio utumeni nje ya nchi na kutoka kwa familia zilizowatoa. Nyingi zilizotufikia zilihusu jambo moja: kufiwa na baba au mama ukiwa mbali. Tumechagua saba, na jopo letu la walezi wa watawa, wanasheria, washauri wa afya ya akili na masheikh limezijibu. Kabla ya kusoma, shikeni hili moja. Kuna maamuzi mawili ambayo wengi huyachanganya: kwenda kuzika, na kuendelea au kuacha utume. La kwanza lina saa chache tu. La pili linaweza kusubiri miezi, na halifai kuamuliwa mtu akiwa bado matangani.

Tulimficha siku tisa

*Mama yetu alifariki hapa Iringa. Mdogo wetu wa mwisho ni sista, yuko Ujerumani mwaka wa pili, na wiki ile alikuwa na mtihani wa lugha. Wazee walikaa wakaamua asiambiwe mpaka amalize. Siku ya tisa akaona picha ya jeneza kwenye status ya binamu yetu. Mtihani amefaulu, lakini tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Nifanyeje?*
Kaka mkubwa, Iringa

Kaka, pole kwa msiba, na pole kwa huu wa pili uliozaliwa juu ya ule wa kwanza. Nia ya wazee ilikuwa njema. Ila tazama alichokosa mdogo wako. Hakulia siku mliyolia wote. Masista wenzake hawakupata kumwombea mama yake Misa siku ya mazishi. Na sasa anazirudia kichwani zile simu za siku tisa, anajiuliza ni ipi uliyomwambia "huku wote wazima" kumbe uani pamejaa waombolezaji. Hilo ndilo linalomchoma zaidi. Aliye mbali anaishi kwa sauti ya simu. Ikishamdanganya mara moja, kila "hatujambo" inayofuata anaipima.

Usimwandame kwa simu. Mwandikie, na uanze na kosa lenyewe: "Tulikosea kukuficha." Maneno ya "tulikuonea huruma" yaje baadaye, tena kwa ufupi, maana yakitangulia atasoma utetezi. Kisha mrudishie zile siku. Mwambie mama alikata roho saa ngapi, nani alikuwa amemshika mkono, chakula gani alikitamani mwisho, nani walimwosha, alivikwa gauni lipi, kaburi liko upande gani wa shamba, wimbo gani uliimbwa wakati mwili unashushwa, kama mvua ilinyesha. Usione haya kuandika vitu vidogo. Waliokuwepo wanavyo bila kuvitafuta, yeye hana hata kimoja. Picha usizitume bila kuombwa. Mwambie zipo, akizitaka atasema. Baada ya hapo nyamaza, na akija kuuliza jambo lilelile mara tatu, mjibu mara tatu.

Familia nyingine zenye mtoto utumeni, jipangeni leo wazazi wangali hai. Andikeni kwenye karatasi, siyo kwenye simu ya mtu mmoja, namba mbili: ya nyumba anayoishi na ya mkuu wake. Kama mkuu huyo hamna lugha ya kuelewana naye, mtoto wenu awaandikie mapema sentensi moja ya kutoa taarifa. Kwa Kijerumani mtasema *Die Mutter von Schwester*, mtaje jina lake, kisha *ist gestorben*. Inatosha, mwenye nyumba ataelewa na atapiga mwenyewe.

Msiba ukitokea, anzeni na mkuu, mumwombe awe karibu na mfiwa au amweke mtu pembeni yake. Angalieni saa: Ujerumani na Italia ziko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto, saa mbili majira ya baridi. Ndipo mtu mmoja, yule aliyemzoea, ampigie na kulitamka neno lenyewe: "Mama amefariki." Ukisema "hali ya mama si nzuri sana, tumwombee," atakesha akimwombea apone mtu ambaye yuko mochwari. Na kabla ya simu hiyo, vijana wa ukoo waambiwe wasiweke chochote kwenye status. Mna kama saa moja, pengine pungufu.

Kibali changu kimeisha, nina stakabadhi ya posta tu

*Baba yangu ni mgonjwa mahututi Rombo, na madaktari wamesema tujiandae. Niko kaskazini mwa Italia, natumika kwenye nyumba ya wazee. Kibali cha kuishi kimekwisha muda, nimeomba kipya na nimepewa ile ricevuta ya posta. Mama Mkuu ameniruhusu, lakini anaogopa nikitoka sitarudi. Na je, nikichelewa mazishi?*
Sista M., Italia

Sista, kwenda unaweza, mradi njia uipange vizuri. Stakabadhi ya kuomba *kuhuisha* kibali inakuruhusu kutoka Italia na kurudi Italia, ila hairuhusu kupita katika nchi nyingine za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Hapo ndipo masista wengi hukwama. Mtu anayewakatia tiketi anatafuta bei ndogo, anawapitisha Frankfurt, Amsterdam au Zürich, nao wanazuiwa wakati wa kurudi. Kata tiketi inayotoka Roma au Milano moja kwa moja hadi nje ya Schengen, mfano Addis Ababa, Doha au Istanbul, kisha Kilimanjaro, na urudi kwa mtindo huohuo.

Mkononi, siyo kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, uwe na pasipoti, kibali cha zamani, stakabadhi halisi na barua ya Mama Mkuu kwa Kiitaliano inayoeleza sababu ya safari na anwani ya nyumba. Tazama pia tarehe uliyopangiwa kuchukuliwa alama za vidole. Ikiangukia siku ambazo hutakuwepo, muombe Questura (ofisi ya polisi inayotoa vibali) tarehe nyingine kabla hujaondoka, siyo ukisharudi. Sista anayeomba kibali cha *mara ya kwanza* asijipime kwa maelezo haya, aulize Questura kwanza.

Ukipitia Addis Ababa, angalia muda wa kusubiri. Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyepita uwanja wa ndege wa nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12, na Ethiopia ni mojawapo. Ile kadi ya njano iliyolala kwenye droo itafute leo.

Sasa mazishi. Usinunue tiketi kwa neno la mtu mmoja. Katika siku hizo shangazi atakwambia Alhamisi, kaka atasema Jumamosi, na wote wanasema kweli kwa kadiri walivyosikia. Mtafute anayeshika daftari la kamati ya mazishi, umuulize siku, saa, na kama paroko amethibitisha. Familia huweza kusogeza mazishi siku moja au mbili kwa ajili ya mtoto mwenye tiketi mkononi. Kwa mtoto anayesema "nitajitahidi" hawawezi, na si haki kuwaomba, kwa sababu kila siku ya kungoja ni gharama ya mochwari na chakula cha waombolezaji.

Ruhusa iombe kwa maandishi, ukitaja tarehe ya kurudi, kwa utaratibu wa katiba ya shirika lako. Tunakushauri uombe wiki mbili hadi tatu badala ya siku tano. Siku za mwanzo nyumba imejaa watu na wewe utakuwa unapokea pole na kugawa chai; ni baada ya watu kutawanyika ndipo unapopata kukaa na mama jikoni.

Na kama mazishi yatakupita, usikimbilie kufika siku ya pili yake ukiwa hujalala. Kwa maoni yetu ni bora zaidi uende siku ya 40. Kaburi limeshatulia, ndugu wana nafasi ya kuongea, na tiketi ya kupanga wiki sita mbele kwa kawaida huwa nafuu kuliko ya kesho.

Siku ya mazishi yenyewe, ukiwa Italia, omba Misa ya jumuiya isomwe kwa nia ya baba saa ileile. Mazishi ya saa 8 mchana Rombo ni saa 7 mchana kwenu majira ya joto, saa 6 majira ya baridi. Kama mtafuatilia kwa simu, huko nyumbani mtu mmoja tu apewe kazi hiyo, awe na bando la kutosha na akae mahali pamoja. Mtandao wa kijijini ukizidiwa na umati hukatika, mara nyingi wakati wa kuweka udongo. Kwa hiyo mtu wa pili arekodi kwa simu nyingine bila kuunganisha, akutumie usiku. Kubalianeni mapema kama jeneza lililo wazi litaonyeshwa au la.

Novemba ikifika ukiwa bado huko, kumbuka kwamba kuanzia tarehe 1 hadi 8 Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa anayetembelea makaburi na kuwaombea, kwa masharti ya kawaida ya kitubio, komunyo na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Si lazima yawe makaburi aliyozikwa baba. Ya kijiji unachotumika yanatosha.

Padre mwenye viza ya R-1

*Mimi ni padre kutoka Kenya, niko Marekani kwa R-1, viza ya watumishi wa dini. Mama ni mgonjwa sana. Viza iliyo kwenye pasipoti imekwisha lakini I-94 yangu, ile rekodi ya kuingia nchini, bado hai. Pia parokia imeniombea ukaazi wa kudumu.*
Padre J., Marekani

Baba Padre, viza ni ya kuingilia, I-94 ndiyo ya kukaa. Kwa hiyo uko halali, lakini ukitoka utahitaji viza mpya kwenye ubalozi kabla ya kurudi, na foleni ya miadi ndiyo itakayoamua urefu wa safari yako. Siku ulizokaa nje zina faida moja: haziingii kwenye ile miaka 5 ya juu kabisa ya R-1, mradi utunze mihuri na tiketi kama ushahidi.

Hatari yako iko kwenye ombi la ukaazi. Kama fomu I-485 imeshawasilishwa na bado haijajibiwa, ukitoka bila kibali cha awali cha kusafiri ombi hilo linahesabiwa umeliacha, hata kama ulikwenda kuzika mama. Kibali huombwa kwa fomu I-131. Kwa dharura, piga kituo cha simu cha USCIS, idara ya uhamiaji ya huko, uombe miadi ya haraka kwenye ofisi ya karibu, ukiwa na barua ya hospitali au cheti cha kifo, cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mama, picha za pasipoti na mpango wa safari. Omba *sasa* mama angali hai. Ugonjwa mahututi nao ni sababu. Na kwa kuwa masharti ya kuingia Marekani hubadilika ghafla, mwanasheria wa jimbo ayapitie makaratasi yako kabla hujalipia tiketi.

Nimebakisha miezi saba, nalia milangoni mwa watu

*Nina miaka 20, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, natoka Nairobi na ninatumikia Afrika Kusini. Mama alifariki nikiwa na mwezi wa 15. Niliamua kubaki. Mwezi wa kwanza nilikuwa imara hadi watu wakashangaa. Sasa ni wiki ya nane, siwezi kumaliza sala bila kulia, na mwenzi wangu, mmisionari ninayetumikia naye, haelewi. Wengine wananiambia mama anataka nimalize. Je, nina imani ndogo?*
Mzee K. (ndivyo wanavyoitwa wamisionari wa kiume)

Mdogo wetu, hapana. Umeeleza jambo linalowapata wafiwa wengi, ni vile tu hukuambiwa. Wiki za kwanza mwili hukaza, kuna simu nyingi, kuna watu wanaokuombea kwa jina. Baada ya wiki kadhaa watu wanarudi kwenye mambo yao, simu zinapungua, na ndipo uzito unashuka. Aliyekusifu kwa uimara alikuona kabla hujaanza kuomboleza.

Utaratibu wenu una mambo mawili yanayolizidisha. La kwanza, hamko peke yenu hata dakika chache. Kila mahali ni wewe na mwenzi, na mtu asiyepata pa kulia atalia mlangoni pa mgeni. La pili, uhamisho wa kila wiki 6 unaweza kumwondoa mtu pekee anayejua habari yako na kukuletea anayeanza upya kukuuliza, "Wazazi hawajambo?" Yote mawili yana dawa.

Mwambie mwenzi wako maneno mawili tu, wakati mmetulia: "Kila siku nahitaji dakika 20 za kukaa na huzuni yangu, wewe ukiwa chumba cha pili. Nikikugusa begani tukiwa kwa watu, maliza wewe." Dakika hizo ziwe na saa yake, kabla ya chakula cha jioni kwa mfano, usingoje zije zenyewe. Lia, andika, imba wimbo aliopenda mama. Ajabu yake ni kwamba kilio kilichopewa nafasi nyumbani hupunguza kile cha njiani.

Lile somo la pili mnalofundisha, la mpango wa wokovu, ndilo pengine linalokuangusha, kwa sababu unawafundisha wengine kuhusu kifo ukiwa bado hujamaliza kumzika mama moyoni. Kwa wiki tatu mwachie mwenzi sehemu ya kifo na ufufuo, wewe fundisha iliyobaki. Kisha ichukue kidogo kidogo. Na usiugeuze msiba wako kuwa ushuhuda wa kila nyumba. Mara moja au mbili hugusa watu, mara ya kumi inakukausha wewe.

Tangu Februari 2019 mnaruhusiwa kuongea na familia kila wiki siku ya maandalizi, kwa simu au video. Itumie kwa mpango. Ukiongea na baba na wadogo zako wote pamoja, kila mtu atajikaza kwa ajili ya mwingine na mtaishia kuzungumza habari za hali ya hewa. Gawa: dakika 20 na baba peke yake, mkimtaja mama kwa jina, kisha wengine. Tarehe ngumu ziandike sasa kwenye kalenda, yaani siku yake ya kuzaliwa, siku aliyofariki, Krismasi, na umjulishe rais wa misheni, kiongozi wenu wa utume, wiki moja kabla, ukiomba simu ya ziada siku hiyo.

Huyo rais wa misheni aambiwe yote uliyotuandikia, siyo "naendelea vizuri" ya barua ya kila wiki. Muombe mambo matatu yaliyo wazi: usihamishwe katika uhamisho ujao kama inawezekana, mwenzi ajaye ajulishwe kabla hajafika, na upate kuongea na mshauri wa afya ya akili.

Kuhusu "mama anataka umalize": wanaosema hivyo wanakupenda, lakini wanakufunga mdomo. Kumaliza kunaweza kuwa sahihi, na kurudi kunaweza kuwa sahihi. Ajiulizaye swali hili katika wiki ya nane hana bado jibu la kuaminika. Jipe uhamisho mmoja kamili, wiki 6, ukiwa na msaada tuliotaja, ndipo upime. Je, usingizi umerudi? Unakula? Kuna siku moja kwa wiki ulifurahi na mtu uliyemfundisha? Kama vyote ni hapana, ongea na rais juu ya kurudi. Anayeachiliwa mapema kwa sababu ya afya anaachiliwa kwa heshima, na ipo pia misheni ya huduma ambayo mtu hufanya akiishi nyumbani.

Jambo la mwisho ni la kuangalia kwa makini. Katika kilio chetu mtu husema "bora ningemfuata mama," na aghalabu ni uchungu unaosema. Lakini wazo hilo likirudi mkiwa mmenyamaza, likaanza kuwa na mahali na namna, hilo si la kusubiri siku ya maandalizi. Mwambie mwenzi usiku huohuo, apige kwa rais. Huzuni isiyopungua kabisa na inayokuzuia kuishi kwa zaidi ya miezi 6, Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa ugonjwa wenye tiba, na hakuna aibu kuipeleka kwa daktari.

Niko khuruji, baba amezikwa Tanga

*Niko India katika miezi minne ya khuruji, yaani safari ya tabligh, nimemaliza miwili. Baba amefariki na amezikwa siku ileile. Wenzangu wanasema nimalize kisha nirudi, kwani mazishi yamepita. Mimi ndiye mwana wa kwanza.*
A., India

Ndugu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Ushauri wetu ni urudi. Mazishi yamepita, ni kweli, na swala ya maiti aliye ghaibu unaweza kumswalia hukohuko kwa madhehebu ya Imam Shafi. Lakini mama yako ameingia eda ya miezi 4 na siku 10, hatoki ila kwa dharura, na hawezi kuzunguka maofisini. Madeni ya baba yanatangulia wasia, wasia hauzidi theluthi moja, kisha ndipo mirathi igawanywe. Kazi hizo zinamtaka mtu aliye nyumbani. Miezi minne ya khuruji ni mpango waliojipangia watu, na iliyobaki utaikamilisha. Haki ya mdai na ya mjane zina wakati wake. Ukifika, anza na daftari la madeni: waite wanaomdai mbele ya mashahidi wawili, kila deni liandikwe, na wewe usilipe kitu kwa maneno matupu.

Kaka zangu wamenitumia karatasi nisaini

*Baba alifariki mwaka jana Mbinga. Nina nadhiri za daima, niko Poland. Kaka zangu wamenitumia kwa WhatsApp karatasi ya kurasa mbili wakisema "saini tu, wewe ni mtawa huna mali." Nisaini?*
Sista T.

Usisaini usichokielewa, Sista, na usikasirike nao bado. Mara nyingi hawajui tofauti ya karatasi moja na nyingine. Ipo karatasi ya *kuridhia msimamizi wa mirathi*, inayosema tu kwamba unakubali fulani asimamie. Hiyo haikunyang'anyi kitu, na bila ridhaa za warithi mahakama inaweza kuchelewesha shauri. Ipo nyingine ya *kuachia hisa yako*. Soma vitenzi: "naridhia fulani ateuliwe" si sawa na "naachia haki yangu yote". Kurasa mbili mara nyingi hubeba vyote viwili.

"Mtawa hana mali" si kweli kwa wote. Kanuni ya 668 ya Sheria za Kanisa inamtaka mtawa, kabla ya nadhiri za kwanza, akabidhi usimamizi wa mali zake kwa mtu anayemtaka, na kabla ya nadhiri za daima aandike wosia unaofaa pia katika sheria ya nchi. Kukabidhi usimamizi si kupoteza umiliki. Katika mashirika mengi urithi kutoka kwa mzazi unabaki mali yako, ila huwezi kuugusa au kubadilisha mpango wake bila ruhusa ya mkuu. Wale ambao kwa asili ya shirika lao wamekana mali kabisa hawawezi kumiliki tena, na kinachowajia ni cha shirika. Fungua katiba yako, au umuulize mkuu swali moja: "Nimo kundi lipi?" Hisa yako ikiwa ya shirika, kuiachia kwa saini yako ni kutoa kisicho chako.

Huku nyumbani, mirathi inayofunguliwa Mahakama ya Mwanzo huambatana na muhtasari wa kikao cha familia na cheti cha kifo kutoka RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya warithi katika muhtasari huo. Tumeona masista wengi wakiachwa kwa sababu ya kuandikwa jina la utawa huku vyeti vikiwa na jina la ubatizo. Andika yote mawili na uape kuwa ni mtu mmoja. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha Fomu Na. 5 ya mali na madeni, na baada ya kugawa, Fomu Na. 6 ya hesabu. Omba nakala za zote mbili. Ukitaka mtu akuwakilishe, hati ya uwakilishi isainiwe mbele ya afisa wa ubalozi wa Tanzania, itaje kiwanja au shamba husika na kazi anayoruhusiwa kufanya. Hati inayosema "afanye lolote kwa niaba yangu" ndiyo inayouza shamba.

Kama moyo wako ni kuwaachia kaka zako, waachie, kwa ruhusa ya mkuu na kwa karatasi uliyoisoma. Kisha uwaambie wazi kwamba umewapa.

Narudi Juni, mama hayupo

*Namaliza miaka mitano Brazil, natoka Bukoba. Mama alizikwa miaka miwili iliyopita nikiwa huku. Nilidhani nimeshalia yote, ila kila nikifikiria kushuka kwenye gari pale nyumbani tumbo linakaza. Nitegemee nini?*
Bruda P.

Bruda, tumbo lako linajua jambo ambalo kichwa hakijalifikia: kwa macho yako mama hajafa bado. Ulimwacha amesimama mlangoni, na ndivyo alivyo ndani yako mpaka ufike usimkute. Utalia kama msiba wa jana. Ndugu zako walishamaliza, wanaweza kushangaa, waambie mapema.

Waombe mambo haya kwa simu, kabla hawajachinja chochote. Sherehe ya kukupokea isiwe siku ya kufika. Siku hiyo uende kwanza kibanjani, kaburini, ukiwa na mtu mmoja tu, kisha ndipo usalimie watu. Misa ya shukrani iwe angalau siku tatu baadaye. Uliza pia chumba chake kinatumiwa na nani sasa, ili usifungue mlango ukakuta vitanda vya wapwa zako.

Nguo zake bila shaka ziligawanywa. Muulize dada kama kuna kanga iliyobaki, ile ya kila siku, yenye fundo pembeni alilofungia hela ya sadaka. Kama ipo asiifue wala asilifungue lile fundo. Na zile sauti alizokutumia WhatsApp, zihamishe leo kwenye barua pepe yako, moja baada ya nyingine, kabla hujabadili simu ya Brazil.